Uso wa Mwenye Shamba

Wewe, una hakika mtandao unakujua?

Juzi kwenye saiba moja, duka la intaneti pale Kitengela, mzee alifika kuuza shamba lake la Isinya, mkewe pembeni, mnunuzi nyuma yao. Akaunti ya shamba kwenye mtandao wa ardhi wa serikali ikadai kuona uso wa mwenyewe kwa kamera.

"Mzee, toa kofia," mhudumu akamwambia.

Akatoa, akakataliwa. Akavua miwani, akakataliwa tena.

"Hii mashine imelewa! Mimi si mimi?"

"Akaunti ulifungua mwenyewe?"

"Nilituma mama watoto. Mimi nipange foleni?"

Waume wetu hutuma mtu hata akawe wao.

Tukamgeukia mama. Alirekebisha shuka yake begani bila haraka.

"Niliweka uso wangu," akasema. "Nilijua siku moja utauza bila kuniuliza."