Boti Iliyowashwa Kabla ya Kuanua Matanga

Nakumbuka asubuhi moja pale Ngara, mwanangu, lori liliporudi kutoka Naivasha na boti mgongoni, maji yakiendelea kuvuja ubavuni mwake. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nyumbani kwa Mjomba Shee, nyuma ya gereji yake, mikeka ya matanga ilikuwa bado imetandikwa, nasi vijana tukipishana na mabirika ya kahawa. Tuliyemkalia matanga ni Faraji, mwanawe mdogo, aliyezama na boti hiyohiyo.

Mjomba alikuwa mtu wa Mombasa, ndugu wa mama yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Boti ilikuwa ya tajiri mmoja wa Loresho. Nyinyi mmezoea boti zenye panga la kuzunguka majini kwa nyuma. Hii haikuwa na panga. Injini ilizungusha shafti, shafti ikazungusha feni ndani ya pampu, na pampu ikanyonya maji chini ya boti na kuyatema nyuma kwa nguvu. Maji hayohayo ndiyo yaliyokuwa usukani. Pampu ikikataa, huna mwendo wala huna kona. Faraji alikwenda kuijaribu baada ya sisi kuitengeneza. Watu wa ufukweni walisikia injini ikinguruma huku boti haisogei, upepo wa alasiri ukaigeuza ubavu, mawimbi yakaingia. Alijua kuogelea, lakini ziwa lile lina magugu.

Na aliyefunga kiungo, kile kipande cha chuma kinachoshikanisha injini na shafti, ni Athmani, kaka yake. Hapo ndipo pabaya pa habari hii.

Mjomba alikuwa na sheria moja, na makofi ya sheria hiyo ninayakumbuka mpaka leo: chombo kilichotoka majini hakiwashwi. Unakizungusha kwa mkono kwanza, usikie kama kuna kinachokwama. Mafundi wa siku hizi mnachomeka kompyuta, nami siwacheki, maana macho yangu yenyewe yamechoka. Lakini kompyuta haina kiganja.

Siku ile Mjomba aliinuka mkekani akaingia gereji na kanzu yake ya msiba. Akaamuru boti ioshwe kwa mpira wa maji, juu na chini, matope yote yatoke. Akaikamua injini maji, akabadilisha oili na plagi, akaleta betri nyingine. Plagi moja ilimponyoka mara mbili. Nilishindwa kunyamaza.

"Mjomba, matanga hayajaanuliwa," nikamwambia. "Na tuizungushe kwa mkono kwanza, kama ulivyotufunza."

"Kassim, mwanangu yuko kaburini, na wewe waniambia habari ya mkono? Nipishe."

Akawasha. Injini ikakohoa, ikashika, na mara tukasikia mkwaruzo na kishindo kimoja chini ya sakafu ya boti. Kisha injini ikalia kwa wepesi, kama gari lililotolewa gia, na feni haizunguki. Mjomba akazima. Akamtazama Athmani, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Umesikia? Injini yaenda, shafti imekaa. Kiungo kimekatika. Ndivyo alivyokufa nduguyo, kwa mkono wako."

"Baba, nilikifunga sawasawa. Wallahi nilikifunga."

"Usiniite baba. Toka, nisikuone kwenye mikeka ya mwanangu."

Watu wote wa matanga walisikia. Mke wa Mjomba, Bi Rukia, alitoka akamshika Athmani mkono, akashindwa kumzuia. Kijana alimbusu mama yake kiganja, akateremka kuelekea mjini na ovaroli lake la kazi. Nilidhani atarudi jioni kula.

Matanga yalipoanuliwa ndipo nilipoifungua boti, Mjomba ameketi kando juu ya kreti la soda. Wavu wa chini, unaozuia takataka zisiingie pampuni, ulikuwa safi, kwa kuwa tuliuosha wenyewe. Nikafika kwenye feni. Palikuwa na jiwe limebanwa kati ya feni na ukuta wa pampu, na mkwaruzo wake ulikuwa mpya; labda liliingia kwa mdomo wa nyuma boti ilipokokotwa kutoka ziwani. Nikatoa kiungo, vipande viwili, nikavigeuza juani. Boti nzima ilikuwa na kutu, bolti kwa bolti, lakini pale kilipokatika kiungo palikuwa peupe, pananing'aria. Chuma kilichovunjikia ziwani kingekuwa na rangi ya chai. Hiki kilitoka majini kikiwa kizima. Kilivunjika palepale Ngara, feni ilipokutana na jiwe na injini ikalazimisha.

Nilimpa Mjomba vile vipande. Fundi hasomewi chuma. Akapitisha kidole gumba pale palipokatika, akarudia.

"Hiki kilikuwa kizima nilipowasha," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi boti ilimkatalia kwa nini mwanangu?"

Nadhani magugu yaliziba wavu, pampu ikakosa maji ya kunyonya. Lakini magugu hayo, kama yalikuwapo, tuliyasukuma kwa mpira mpaka kwenye mtaro wa barabarani, kwa amri yake mwenyewe. Hapakuwa tena na cha kuuliza.

Mjomba alitoka vilevile na mafuta mikononi, akashika treni ya Mombasa kumfuata Athmani kwa jamaa zetu. Jamaa wa kule walimwambia Athmani alilala kwao usiku mmoja, akapata kazi kwenye meli, na meli imekwisha ondoka. Athmani hakurudi, mwanangu. Hatukujua kama yu hai. Miaka yote iliyofuata, treni ya Mombasa ilipoingia, Mjomba alikuwa stesheni akitazama abiria mpaka wa mwisho, ndipo aje kufungua gereji. Bi Rukia aliendelea kumpakulia mumewe chakula na hakuwahi kumlaumu hata kwa neno moja, na mimi naona hilo ndilo lililommaliza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjomba hakujaliwa mjukuu mwingine.

Alipokuwa mgonjwa aliniita, akanionyesha kiganja chake. "Kassim, mkono ulikuwa huu," akasema, akageukia ukutani. Tulipomzika, aliyeteremka kaburini kumpokea ni mimi, mpwa. Wana wawili wa kiume alizaa, na hapakuwa na hata mmoja.

Basi nakuusia. Chombo kikitoka majini, usikioshe kabla hujakitazama, wala usikiwashe kabla hujakizungusha kwa mkono. Na msiba ukiingia nyumbani kwako, usimhukumu mtu mikeka ikiwa bado chini, hata kama umesikia kishindo kwa masikio yako. Neno likitoka halirudi, na siku nyingine huondoka na mtu. Siwezi kukuahidi kwamba ukingoja utapata jibu. Mimi nimengoja mpaka nimeota mvi, na sijalipata. Lakini angalau utakuwa na mwana wa kulikosa pamoja naye.

Mungu akupe wepesi wa mkono na uzito wa ulimi. Akupe umri, akupe wana, na siku yako itakapofika, wawepo wa kuteremka kukupokea.