Chale Zilizokataa Kukauka

Machi 1994, masika yakianza, nilikuwa na umri wa miaka tisa na sikuwa nimetia mguu shuleni. Ua wetu wa Gatina, Kawangware, ulinuka mafuta ya kukaangia samaki ya jirani yetu Mama Nekesa, ambaye alitugawia vichwa vya samaki bila malipo. Mwezi huo jicho la mdogo wangu Akinyi, wa miaka minne, lilianza kusukumwa nje. Daktari alisema ni uvimbe wa jicho, na kwamba jicho lingetolewa tarehe 11 Aprili.

Baba alikataa. Kwetu ziwani iliaminika kwamba mtoto akitazamwa na mwenye jicho baya anapokula, chakula humgeukia kuwa uvimbe. Madhara hayo tuliyaita sihoho. Aliniuliza mara tatu ni nani aliyemtazama Akinyi akila. Mara ya tatu, nikitaka kuachwa nikacheze, nilimtaja Mama Nekesa.

Baba na wapangaji wenzake walimtoa Mama Nekesa nje kwa nywele.

"Kuangalia nimeangalia," alisema. "Si ni mimi nilimpea hiyo samaki?"

"Mmesikia? Amekubali," baba akawaambia wapangaji.

Karai lake la mafuta moto lilimwagwa miguuni pake. Baba alimpiga kwa ubao wa kitanda, nami nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika, mkavu kama kuni.

Kesho yake tulimpeleka Akinyi Kibera, kwa mwanamke mtoa sihoho. Alimchanja shavuni chale tisa kwa wembe, akafyonza kwa pembe. Damu ilitoka siku mbili mfululizo. Tuliporudi hospitali, daktari mwingine alitazama chale kabla ya jicho, akauliza mbona hazikauki. Akapima damu, kisha uboho, kisha kipande cha uvimbe, ambacho kilikuwa na rangi ya kijani. Ilikuwa saratani ya damu, imejikusanya nyuma ya jicho na kujifanya uvimbe mwingine. Jicho halikutolewa, Akinyi alitiwa dawa. Alifariki tarehe 2 Julai.

Mwaka uliofuata nilianza darasa la kwanza. Leo husoma karatasi za hospitali mwenyewe. Hata faili la marehemu mume wangu nililielewa neno kwa neno. Wakati ule nilikuwa na mdomo tu.

Ijumaa, tarehe 12 Agosti 1994, chifu alisoma barua ya daktari mbele ya wapangaji: ugonjwa ulitoka katika damu ya mtoto, haukutoka kwa mtu. Baba alisema pole, akiangalia chini. Mama Nekesa, mkono umepinda, alimpa mgongo. Aliniita mimi.

"Sasa wewe, nikuangalie ama nisikuangalie?"

Akaniangalia.