Mtungi wa Upande wa Kulia

Kaka yangu aliipiga baiskeli vile alivyonipiga mimi, bila kelele, akipumua kwa pua. Teke kwenye tairi, teke kwenye pedeli. Kisha akanigeukia na kamba ya blada, mpira wa tairi kuukuu tunaofungia mitungi, akanichapa miguu mpaka nikakaa chini.

"Unavuta gia kama mtu anang'oa jino," alisema.

Baiskeli ilikuwa ya mitumba. Kila asubuhi nilibeba nayo mitungi miwili ya maziwa ya ngamia kutoka steji ya pikapu zinazotoka Merti, nikampelekea Aayo, mama yetu, sokoni, halafu nikaendelea shuleni, ambako kwa miguu ni mbali sana. Kaka alikuwa ameshasema: maziwa yakimwagika tena, nipelekwe Biliqo kwa nyanya nikachunge mbuzi. "Form Three atamalizia huko, na mbuzi."

Shida ilikuwa kwenye mlima mdogo kabla ya soko. Naweka gia nyepesi, cheni inajirukia yenyewe, tra, tra, kama mifupa ya kuku ikivunjwa. Siku moja ilinitupa mbele ya lori. Dereva akafunga breki, akashuka, akanizaba kofi kabla hata hajauliza kama nimeumia. Maziwa yalienea kwenye lami na mbwa wakayalamba karibu na uso wangu. Niliinuka nikaokota mitungi. Mimi huwa sisemi.

Kaka alitia mafuta, cheni ikaruka. Alikaza waya ya gia mpaka ikakatika na kumchana kidole, akanipiga kwa mkono huohuo wenye damu. Alikunjua kwa spana kile chuma kinachoshikilia gia ya nyuma. Ikakubali kidogo, halafu ikaanza tena.

"Ikitoka kwangu ni nzima, ikirudi kwako imekufa. Shida si gia, shida ni wewe."

Nilikuwa karibu kumwamini. Yeye ni mpakiaji pale steji, na mitungi aliifunga mwenyewe: mmoja juu ya keria, mwingine ukining'inia kulia. Kushoto paachwe wazi, ati msichana apande na sketi yake kwa heshima. Asubuhi moja niliinama kufunga kamba ya kiatu nyuma ya baiskeli. Alikuwa ameweka goti juu ya mtungi ule wa kulia, anavuta blada. Tumbo la mtungi lilikandamiza gia, na vigurudumu vyake viwili vinavyoongoza cheni vikainamia spoku.

Nilitaka kumwambia. Watu walikuwa wengi, ulimi ukakataa. Nikapanda. Mlimani gia iliingia kwenye spoku, gurudumu likakwama, goti langu likaacha ngozi barabarani, na mtungi ukapasuka. Niliikokota baiskeli hadi nyumbani. Kaka alishasikia. Alikuwa na nyundo.

"Leo naimaliza. Toka."

Niliweka mkono juu ya gia, nikidhani ataona. Hakuona, au aliona. Nyundo ilishukia vidole viwili.

Kilichonitoka mdomoni hakikuwa kilio. "Punda ungempakia hivi? Umwekee mzigo upande mmoja, halafu umkandamize na goti?"

Akainua nyundo tena. "Wewe ndio wa kunifunza punda?"

"Funga mtungi uone."

Aayo alikuwa amerudi kutoka sokoni kuuliza maziwa yako wapi. Alitazama mkono wangu, akatazama nyundo. "Funga," alimwambia.

Kaka alifunga mtungi ule mzima, goti lake juu yake. Nilimwonyesha kutoka nyuma jinsi gia inavyoinamia spoku, damu ikidondokea tairi. Akalegeza blada, akakaza tena, kama vile mtungi ungebadilisha nia.

"Na mbona hukusema?"

"Ulimwachia nafasi?" Aayo alimjibu. "Na Biliqo haendi."

Siku hizi kuna kipande cha mti kimefungwa kukingama keria, mtungi mmoja kila upande, mbali na gia. Chuma cha gia Kaka alikinyoosha. Mimi navaa suruali ndani ya sketi na kupitisha mguu juu ya kiti, anayetaka kuangalia aangalie. Kidole cha kubadilishia gia hakikunjiki vizuri, kwa hivyo naisukuma kwa kiganja.

Kaka hajaniomba msamaha. Lakini akikaza blada huweka mkono wake mwenyewe kati ya mtungi na gia, halafu hunitazama anasubiri. Huwa namwambia, "Iko sawa." Siku nyingine namwacha angoje.