Ndugu Yangu Alivyofika Amerika Kabla ya Ndege

Hiki kisa ningekificha mpaka kaburini, lakini kwa vile kule kwetu Bomet bado wananiita Rubani, afadhali mkisikie kwangu kuliko kwa jirani yetu Mama Chebet, ambaye huongeza chumvi.

Mdogo wangu Kipkorir alikuwa amepata nafasi ya kusoma New York kwa sababu ya mbio zake (mimi mwenye digrii nilikuwa nakimbilia kazi na sizipati). Ndege iliondoka Nairobi saa tano usiku, na mama akaapa kwamba yeye na akina mama wa kanisa hawataonja kitu mpaka mguu wa Kipkorir ukanyage Amerika. Asubuhi wakaacha vikapu vyao vya kuchumia majani chai, wakajaa sebuleni, wakaomba, wakaimba, wakaomba tena, na mimi nikawa nazunguka nje kama kuku anayetafuta pa kutaga, maana wali na nyama ya mbuzi vilikuwa tayari jikoni na hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Nikauliza kama kweli Mungu anahitaji njaa ya Mama Chebet ndiyo ndege isianguke. Wakaanza wimbo mwingine.

Basi nikachukua atlasi yangu ya shule na rula. Kilomita kama elfu kumi na mbili, ndege inakimbia mia tisa kwa saa, masaa kumi na tatu, kwisha. (Kipkorir alikuwa ametaja habari ya kubadilisha ndege London, lakini nilidhani ni kama kubadilisha gari Kericho, unashuka hapa unapanda pale.)

Saa sita mchana nikasimama katikati ya maombi. "Mama, amefika."

"Nani amekwambia?"

"Hesabu. Saa hii anatafuta mizigo yake."

"Kiprono, usinichezee na mtoto wangu."

"Si mlinipeleka chuo kikuu, mama? Kuleni!"

Wakashukuru Mungu, wakala, na mimi nikala kuwashinda wote. Tukiwa hapo, Mzee Langat mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye peke yake alikuwa na simu, akaita kwamba Kipkorir yuko kwenye laini. Tukakimbia wote, wengine na sahani mkononi, wakipiga vigelegele. Mama akashika simu, na mama kwenye simu hurudia kila neno kwa sauti.

"Amerika iko aje, mwanangu? ... Eh? Uko London? ... Unangoja ndege nyingine? ... Bahari yote bado?"

Vigelegele vikakatika. Mama Chebet akatema mfupa. Mama akarudisha simu taratibu, mdomo bado una mafuta, na machozi yakimtoka.

"Nimekula," akasema, "na mtoto wangu bado hajavuka maji."

"Mama, hesabu ilikuwa sawa, ila..."

"Hata ukienda Kericho hapa, hesabu yako haingoji gari lijae?"

Wakarudi kuanza upya, na mimi nikawekwa mbele kabisa, magoti chini. Sikuamini wakati ule na siamini sasa, lakini mchana ukaisha, usiku ukaisha, na nikagundua kwamba kila sauti iliposikika ng'ambo ya barabara nilidhani ni Mzee Langat anatuita kwenye simu, na sahani niliyowekewa na dada yangu kwa siri sikuigusa. Kipkorir alipiga asubuhi, sasa akiwa New York. Mama aliongea naye, kisha akanipa chai bila kuniangalia.

Siku hizi mtu akiniuliza Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi, namwambia: mpaka apige simu.