Jivu la Udi

Sisimizi walivamia mrehani wa mama kubwa, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Mama kubwa ndiye aliyemzaa bosi wangu, mwanamke mwenye nyumba hii ya Abu Hamour, huku ughaibuni, ninamofanya kazi za ndani. Aliupanda kwa mkono wake kando ya ukuta wa uani, na kila Alhamisi alichuma kijitawi akakichomeka kwenye nywele. Kisha akafariki. Bosi akaniambia lolote na life bustanini, lakini mrehani ule usife.

Shina lilikuwa limezungukwa na vishimo, na matawi yamejaa vidudu vya kijani ambavyo sisimizi huvichunga kama mbuzi. Nikapuliza maji ya sabuni, wakaondoka, wakarudi. Dawa ya dukani bosi aliikataa kabisa, eti itauchafua mti wa mama yake.

Kwetu Kakamega sisimizi wakiingia kwenye sukuma wiki hatuiti mtu. Unazoa jivu jikoni, unamwaga shinani, habari kwisha. Lakini huku ni gesi tupu, jivu ningelitoa wapi? Nikakumbuka chetezo cha mama kubwa, kilichokaa chumbani mwake tangu azikwe, kimejaa jivu la makaa na udi. Nikajiona mjanja. Nikalikung'uta lote shinani, nikakisugua chetezo kikang'aa.

Sisimizi wakatoweka. Jioni nikamwagilia maji, na udongo ulioshika joto mchana kutwa ukatoa harufu ya udi wake, ile ile iliyomtangulia kila alipokuja kukagua kama nimefagia. Nywele zilinisimama. Niligeuka, nikiwa tayari kuulizwa mbona majani makavu bado yako pale.

Bosi alitoka mbio bila viatu. "Yumma?" akaita, jinsi watu wa hapa wanavyomwita mama.

Nikamweleza nilichofanya, nikingoja kufukuzwa. Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye vigae na baibui lake, akavuta pumzi mpaka harufu ikaisha. Kesho yake akataka nimwagilie tena mbele yake, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Kila jioni harufu ilipungua. Niliichukia saa ile ya maji. Niliogopa, maana pale uani tulikuwa kama watu watatu, na bosi alipokaa alikuwa akiacha nafasi kando yake.

Mwishowe aliniuliza kama jivu jingine lipo. Nikasema lilikuwa hilo tu. Akaenda mwenyewe akafunga bomba.

"Usimwagilie tena," alisema. "Maji yanammaliza."

Joto la hapa halina huruma. Nilimsihi, nikamwonyesha majani yanavyojikunja, naye akasema ameyaona. Sisimizi hawakurudi hata mmoja, na mrehani niliokabidhiwa ukakauka mbele ya macho yangu. Mpaka leo hajaniruhusu kuung'oa. Nikienda kuanika nguo, mimi hupita upande wa pili wa ua, mbali na ile nafasi.