Bunduki ya Kupigia Bata

“Jaribu, mzee, bado inalenga,” fundi wa televisheni pale Mtendeni ananiambia. Ananipa bunduki ya plastiki ya ule mchezo wa kupiga bata kwenye skrini. Inanuka vumbi lenye joto, kama sebule yetu ya zamani.

Alasiri moja ya utotoni, kwenye sebule hiyo, niliwakosa bata wote. Kwa hasira nikageuka, nikamlenga bibi aliyekuwa akiswali nyuma yangu, nikafyatua. Papo hapo umeme ukakatika, na bibi akashuka, paji la uso mkekani.

Sijida nilikuwa naijua. Hii haikuisha.

“Bibi!”

Paji likabaki mkekani.

“Bibi, nilikuwa natania!”

Nikaisukuma bunduki chini ya kochi.

Hatimaye akainuka, akamaliza swala, akatoa salamu kulia, kisha kushoto, nilikokuwa nimesimama.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Si ulishaniamkia asubuhi?”

“Shikamoo tena.”

“Marahaba. We mtoto, una nini leo?”

“Lenga tu, mzee,” fundi anarudia, amesimama mbele yangu. Namrudishia, mdomo wa bunduki nikiuelekeza sakafuni.