Mtaro Tuliouelekeza Mtoni

Nilipohamishiwa kazi pwani, mwenyeji mmoja alinipeleka pale mto Tana unapomwagika baharini. Akaniuliza, kwa hasira, uchafu wote huu watu wa bara huwa wanautoa wapi. "Kwetu," nilimjibu. Akadhani namtania.

Utani gani? Unatoka kwetu, Nyeri. Si kwetu peke yetu, kuna majosho ya ng'ombe, kuna machinjio ya mjini, kuna wanaooshea pampu za dawa mtoni. Lakini mimi nasema ya kwetu. Baada ya uhuru wazee walijenga faktori ya kahawa kando ya mto wetu, unaoingia Tana, na baba akachaguliwa mwenyekiti wa kamati. Tulijivuna kweli kweli. Maji machafu ya kuoshea kahawa yalikuwa yakiingia kwenye shimo kubwa, lakini msimu ulipokolea shimo likafurika, likanuka hadi kanisani. Basi kamati ikaamua kuchimba mtaro mpaka mtoni. Na wazee hao wenye akili zao waliuelekeza chini ya pale sisi tulipochotea maji! Ati mto ukitembea hujisafisha wenyewe.

Chini ya mtaro ndiko alikoolewa shangazi, dada yake baba. Siku moja alikuja na debe la maji, akalitua mbele ya baba aliyekuwa akinywa chai. Maji yalikuwa meusi, yana povu, yananuka kama choo.

"Niko na mtoto anaharisha wiki nzima," alisema. "Fungeni huo mtaro, hata kama ni mpaka apone tu."

"Dada, kahawa imejaa," baba akasema. "Tukifunga itaoza, na hiyo ndiyo karo ya watoto wa watu. Wewe chemsha maji."

"Nichemshe hii? Ebu chemsha wewe, unywe nikiona!"

Mama akamkaribisha chai. Akakataa, akasema chai yetu ni ya watu wa juu. Sisi watoto tukacheka, maana shangazi alikuwa na mdomo. Akalimwaga lile debe hapo hapo uani, akaenda zake.

Baba aliifikisha habari kwenye kamati, hilo simnyimi. Wakamwambia wangoje mvua, mto ujae uzoe uchafu wote. Msimu ukaendelea, na yule mtoto, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akakauka mpaka macho yakazama. Walimfikisha hospitali ya mjini wakiwa wamechelewa. Alikufa. Inaniuma mpaka leo, na hasira ndiyo imezidi uchungu.

Mazishi yanataka maji mengi: ya chai, ya kupikia githeri, ya wageni kunawa. Baba akaazima mkokoteni wa punda, akapakia mapipa, tukayajaza kwetu, juu ya mtaro, tukateremka nayo hadi kwa shangazi. Njia yenyewe ilikuwa fupi. Tulifika wanawake wakiwa bado wanawasha moto.

Walitushukuru sana, wakamsifu baba kwa kufikiria mbele. Shangazi akatoka nyumbani, akafunua pipa, akayatazama yale maji safi. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Kumbe punda anaijua njia ya kwangu," alisema.